Paundi za Kapteni Tom hazikulipa mishahara ya wauguzi

Tangu 2020 wengi huamini kwamba paundi zaidi ya milioni 32 alizochangisha Kapteni Tom Moore, mwanajeshi mzee mstaafu, kwa kuzunguka bustani yake mara 100 huko Uingereza, zililipa mishahara ya wauguzi. Sivyo. Mishahara hutoka kwenye kodi. Mchango ule ulikwenda NHS Charities Together, shirika la hisani la huduma ya afya ya umma ya Uingereza (NHS), linalotoa ruzuku kwa mifuko ya hisani ya hospitali: chakula cha zamu ya usiku, vyumba vya kupumzikia, ushauri nasaha, na tableti za wagonjwa waliozuiwa kuonana na jamaa zao wakati wa UVIKO-19. Tableti yenyewe haitoshi: bila chaja, intaneti na mtu wa kumshikia mgonjwa asiyeweza hata kuinua mkono, ni kioo tu. Tena, fedha iliyotolewa kwa kusudi maalumu haihamishwi kiholela, hata kukiwa na upungufu kwingineko.