Ogani ya vomeronazali si mlango wa sita wa fahamu

Ogani ya vomeronazali ni jozi ya mirija midogo iliyo sehemu ya chini ya kizigeu cha pua (ukuta unaotenganisha matundu yake mawili), mmoja kila upande, wenye tundu kwa mbele na ulioziba kwa nyuma, ambayo kwa wanyama wengi hunasa kemikali wanazopashana habari za uzazi. Beberu anyanyuapo mdomo wa juu baada ya kunusa mkojo wa jike, huwa anaivutia ogani hiyo kemikali hizo. Kinachonisumbua ni kusikia kila mara kwamba binadamu naye anao "mlango wa sita wa fahamu", kwa hoja kwamba ogani hiyo huonekana kwa mtoto aliye tumboni.

Jina lenyewe limechangia mkanganyiko huo. Kwa Kilatini, vomer ni chuma cha plau kinachopasua udongo, na mfupa mwembamba wa ndani ya pua uliitwa hivyo kwa umbo lake. Nasus ni pua. Kwa binadamu, hata hivyo, mirija hiyo haikai kwenye mfupa huo, bali mbele yake, karibu na gegedu la kizigeu. Jina lake la pili, ogani ya Jacobson, linamkumbuka tabibu wa Denmark, Ludvig Jacobson, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 aliieleza kwa kuchunguza mamalia wengine. Majina yote mawili, basi, yalifaa wanyama kabla ya kuletwa kwetu.

Ni kweli kwamba kiinitete cha binadamu huianza. Kishimo cha pua kinapobonyea usoni, ukuta wake wa upande wa kati hujikunja na kuwa mrija, na kufikia wiki ya 8 mrija huo huonekana wazi kwa darubini. Kutoka eneo hilohilo, seli zitakazotoa GnRH, homoni inayochochea balehe, husafiri kwa kufuata nyuzi za neva hadi haipothalamasi, ndani ya ubongo. Safari hiyo ikikatika, kama katika ugonjwa wa Kallmann, mtu huweza kukosa uwezo wa kunusa na balehe yake isifike bila matibabu. Huo ndio umuhimu ninaotamani utajwe zaidi, nao ni wa njia, si wa kunusa.

Baadaye neva za ogani hufifia. Mtu mzima huweza kubaki na kishimo au kijia kifupi, lakini hakuna neva inayojulikana kupeleka habari zake ubongoni, na jeni ya TRPC2, ambayo panya huitegemea katika ogani hiyo, kwetu imeharibika. Kwa hiyo ni sahihi kusema kwamba binadamu huianza ogani hii tumboni. Kusema kwamba anaitumia kunusa ni dai jingine, nalo halijathibitishwa.