Kifurushi kipya cha kanzidata: tunayoambizana na yalivyo

Sisi tunaoshika seva za maduka, skuli na nyumba za wageni hapa Mjini, wengi tumejifunza kwa kuambizana. Si vibaya, ila baadhi ya tunayoambizana yameshawatia watu hasarani, na mimi nimo. Haya matano ya kwenye alama za kunukuu ni baadhi yake, na chini ya kila moja ni yalivyo. Debian ni mfumo endeshi wa seva zetu, na PostgreSQL ni programu ya kanzidata, yaani ya kuhifadhi data.

"Debian inatupa PostgreSQL kongwe, kwa hivyo ina matundu."

Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na PostgreSQL 15, na itakaa na 15 hiyo hiyo maisha yake yote. Si uvivu wa watengenezaji. Namba kubwa (kama 15 au 17) hufungwa makusudi ili programu yako isiamke asubuhi ikakuta kanzidata imebadilika tabia. Namba ndogo, ya baada ya nukta, ndiyo inayosogea, na viraka vya usalama huja na hiyo. Wenyewe PostgreSQL hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulihudumia miaka 5. Basi 15 ya Oktoba 2022 ina uhai hadi Novemba 2027. Kama huna kitu khasa unachokihitaji kwenye 17, tulia.

"Nikisakinisha 17, data inahamia yenyewe."

Hapa ndipo nilipoumia. Nyumba moja ya wageni Shangani, nikaongeza hazina ya PostgreSQL (ghala la mtandaoni la programu zao), nikasakinisha 17, nikaona poti 5433 (mlango ambao programu huipitia kanzidata), nikaielekeza programu ya kaunta huko. Bibi mwenye nyumba akafungua orodha ya vyumba: tupu. "Mwanangu, wageni wangu umewapeleka wapi?"

Hawakwenda popote. Kifurushi kipya (programu iliyofungwa tayari kusakinishwa) hakigusi cha zamani, huanzisha kanzidata yake pembeni. Andika `pg_lsclusters` utaona mistari miwili: 15 kwenye poti 5432 na 17 kwenye 5433, kama meli mbili bandarini Malindi, kila moja na gati lake. Abiria wote walikuwa bado kwenye ile ya mwanzo.

Kuwahamisha ni kazi ya `pg_upgradecluster 15 main`, lakini itakataa maadamu 17 tupu ipo. Kwa hivyo kwanza unaifuta: `pg_dropcluster --stop 17 main`. Soma namba hiyo mara tatu kabla ya kubonyeza, maana amri haikuulizi "una hakika?" na ukiteleza ukaandika 15, umefuta biashara ya mtu. Hakikisha pia diski ina nafasi ya nakala mbili. Mambo yakienda sawa, 17 inachukua poti 5432 na 15 inazimwa, lakini data yake inabaki.

"Bekapu ninayo, nimenakili folda."

Ulinakili `/var/lib/postgresql` huku kanzidata inaandika? Hiyo ni picha ya mtu anayekimbia, mguu mmoja haupo. Na hata ungeizima kwanza, 17 haifungui mafaili ya 15. Tumia `pg_dumpall`, inayoandika data yote kwenye faili moja, kisha ijaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine. Wengi wetu hatufanyi hili la pili.

"Hazina yoyote ya nje ni sawa tu."

Hazina rasmi ya PostgreSQL hutengeneza vifurushi vya matoleo ya Debian na ya Ubuntu (mfumo endeshi uliotokana na Debian), kila toleo na vyake, na huvitia saini kwa ufunguo. Kuchukua hazina ya Ubuntu ukaibandika kwenye Debian ni jambo jengine kabisa: maktaba (vipande ambavyo programu hutumia kwa pamoja) zitagombana, na utakesha.

"MySQL na MariaDB ni kitu kimoja."

Hizi nazo ni programu mbili za kanzidata, na zilikuwa karibu sana. Tangu Debian 9 ya 2017, ukiomba `default-mysql-server` unapewa MariaDB. Lakini folda ya data ya MySQL 8.0 MariaDB haiifungui. Toa data kwa faili la SQL (maandishi ya amri za kanzidata), ndipo uiingize.

Ile 15 ya Shangani niliiacha imezimwa, haijafutwa, mpaka kaunta walipofunga hesabu za mwezi na bibi akaniambia vyumba vyote vimelingana na daftari lake la karatasi. Daftari hilo bado analiandika.