Utando unaolisha mwani

Tukiwa ufukweni na kinamama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ambako mwani unalimwa tangu 1989, swali halikosi: mmea huu hauna mizizi ya kufyonza udongo wala majani kama mkarafuu, basi unakula nini hata kipande cha kiganja kiwe kichaka ndani ya wiki sita?

Unajipikia kwa jua, na kazi yote ya mwanga hufanyika juu ya utando, yaani ngozi nyembamba sana iliyo ndani ya seli.

Ndani ya seli za mwani mna vifuko vidogo, kloroplasti. Kila kimoja kimefunikwa kwa tando mbili, na ndani yake mna tando nyingine ziitwazo tilakoidi, nyembamba kiasi kwamba ukizibana laki moja pamoja hazifiki milimita moja. Katika jani la mkarafuu hurundikana kama mikate ya maji kwenye sahani. Za mwani huu, ulio wa jamii ya mwani mwekundu, hazirundikani, kwa sababu juu yake pamegandama vifundo vya rangi nyekundu. Rangi hiyo hunasa mwanga wa kijani ambao umbijani, yaani klorofili, hunasa kwa shida, kisha huukabidhi kwa umbijani huohuo.

Mwanga ukishafika kwenye utando, maji hupasuliwa. Oksijeni hutoka, elektroni hupokezanwa ndani ya utando, na protoni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji chanya, hujazana upande wa ndani. Utando haupitishi protoni ovyo. Zinasongamana kama abiria walioteremka boti ya Pemba mbele ya geti moja, na geti lenyewe ni kimeng'enya kinachozunguka kila zinapopita. Mzunguko huo ndio unaotengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati ya kugeuza hewa ya ukaa kuwa sukari, na baadaye karajinani, ute wa kugandishia vyakula wanaoutafuta wanunuzi.

Jaribio la 1966 nchini Marekani lilithibitisha jambo hili kwa namna ninayoipenda sana. Tilakoidi za spinachi zililowekwa kwenye tindikali, yenye protoni tele, kisha zikahamishiwa ghafla kwenye maji yasiyo na ukali huo. ATP ikatengenezwa gizani, bila chembe ya mwanga! Tofauti ya msongamano wa protoni kati ya pande mbili za utando ilitosha.

Ndiyo maana joto linatutia wasiwasi. Wakati wa bamvua, maji yakishatoka, yale machache yanayobaki kwenye vidimbwi huchemka kwa jua. Utando umejengwa kwa mafuta, na mafuta yakipata moto hulegea kama samli. Protoni huvuja pembeni, geti halizunguki, na sehemu inayopasua maji huharibika mapema. Mwani ukidhoofika hivyo, bakteria hupata pa kuingilia, na matawi huwa meupe na kukatika. Aina ya mwani mnene (cottonii) haivumilii joto kama ile ya mwembamba (spinosum), ndiyo sababu tunahimiza kamba zake zipelekwe maji ya kina.

Kabla ya weupe, rangi hupauka kwanza kwenye ncha. Mama akiuona mpauko huo, asisubiri wiki zitimie: avune kilicho kizima, na mbegu, yaani vipande vya kupanda tena, aihamishie pasipokauka bamvua.