Chuma cha zamani nacho huliwa na kutu

Hapa Moshi, anayetafuta baiskeli ya resi ya mtumba huambiwa achukue ya chuma ya zamani, maana hizo haziharibiki. Imani hiyo ina msingi. Chuma huvumilia vishindo, na fremu ikipasuka fundi hodari wa kuchomelea anaweza kuiunga. Mimi mwenyewe nayapenda sana yale mabomba membamba.

Lakini kutu mbaya huanzia ndani. Maji ya mvua hupenya kwenye bomba la kiti, yakatuama chini, penye ekseli ya pedali, huku rangi ya nje bado inang'aa.

Kabla ya kulipa, chomoa kiti na nguzo yake, umulike ndani kwa tochi ya simu. Pindua fremu: vikimwagika vigamba vya kahawia, iache. Pitisha kidole kwenye maungio ukitafuta rangi iliyovimba. Nguzo ikigoma kuchomoka, pengine imeshaganda kwa kutu.

Angalia na rimu. Za chuma zikilowa, breki hukawia kushika kuliko kwenye rimu za alumini, na kwa anayeteremka kutoka Marangu hilo ni jambo kubwa. Sumaku ndogo itakuonyesha: kwenye alumini hainati.