Lipange Giza Kwanza: Namna ya Kutumia Vitu Vinavyong'aa Gizani Katika Sherehe na Sikukuu

Mteja anaponijia akitaka sherehe yake ipambwe kwa vitu vinavyong'aa gizani, swali langu la kwanza halihusu rangi anazozipenda wala idadi ya wageni. Namwuliza giza litaingia saa ngapi mahali pake, na litadumu kwa muda gani. Nilisomea kemia kabla ya kuingia katika kazi ya upambaji hapa Dar es Salaam, na kadiri ninavyoendelea nayo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sherehe nyingi za aina hii hupooza kwa sababu moja: mapambo yamenunuliwa kwa moyo mkunjufu, lakini hakuna aliyelipangia giza lenyewe. Taa za ukumbi zinaachwa zikiwaka kwa ajili ya mpiga picha wa video, watoto wanagawiwa bangili za kung'aa jua halijazama, na keki inapoletwa saa tatu usiku bangili zile zimeshafifia mikononi.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Dar es Salaam jua huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na baada ya karibu nusu saa giza limeshatanda. Mtu wa London anayeandaa sherehe ya bustanini mwezi Juni hana budi kusubiri hadi baada ya saa tatu usiku ndipo jua limwachie nafasi. Kwa hiyo maelekezo mengi yanayosambaa mtandaoni, yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi hizo, hayatufai yakichukuliwa yalivyo, hasa kuhusu saa na kuhusu joto.

Ukifika Kariakoo utaona vitu hivi vyote vimerundikwa pamoja, na muuzaji atakwambia kwamba vyote "vinawaka gizani". Kweli vinawaka, ila kila kimoja kinapata nguvu yake mahali tofauti. Kijiti cha kuvunja kinawaka kwa mmenyuko wa kikemikali unaotokea ndani yake. Nyota ya kubandika darini huhifadhi mwanga iliomulikwa nao na kuutoa polepole. Rangi kali za waridi na kijani kibichi hazihifadhi chochote, zinang'aa tu wakati zinapomulikwa na taa ya urujuanimno (UV). Halafu kuna pete, miwani na maputo yenye taa ndogo za LED na betri. Asiyezitofautisha aina hizi nne atalaumu bidhaa kwa kosa la mpangilio.

Nianze na vijiti, kwa kuwa ndivyo vinavyonunuliwa zaidi. Ukikishika kijiti mkononi na kukiinua kwenye mwanga, utaona ndani ya bomba laini la plastiki kuna kichupa chembamba cha kioo. Kwa kawaida kichupa hicho ndicho chenye haidrojeni peroksaidi iliyozimuliwa, na kimiminika kinachokizunguka kina esta ya oksalati pamoja na rangi maalumu. Unapokikunja na kusikia ule mlio mdogo wa kioo kuvunjika, vimiminika viwili hivyo hukutana, na nishati inayozalishwa hupokelewa na molekuli za rangi, nazo huitoa kama mwanga pasipo joto la kuhisika. Njia hii ilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutokana na majaribio ya Edwin Chandross wa Bell Labs huko Marekani, kisha Michael Rauhut na wenzake wa kampuni ya American Cyanamid wakaiboresha hadi ikatoa mwanga wa kutumika.

Mmenyuko wa kikemikali huenda mbio kunapokuwa na joto na hupungua kasi kunapokuwa na baridi, na hapo ndipo mazingira yetu yanapoingia. Kijiti kilichovunjwa Dar es Salaam usiku wa Desemba kitang'aa kwa nguvu zaidi kuliko kingine cha pakiti ileile kilichovunjwa Njombe mwezi Julai, lakini kitaisha mapema. Pakiti ikisema kijiti kitang'aa kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, mimi sipangi sherehe ya Pwani kwa hesabu hiyo; nazihesabu saa za mwanzo tu kuwa za mwanga mzuri, na zinazobaki nazichukulia kuwa nyongeza. Ndiyo maana nagawa vijiti kwa awamu, nusu baada ya chakula na nusu muziki unapoanza, badala ya kuvigawa vyote mlangoni. Kijiti kilichokwisha kuvunjwa kinaweza pia kuwekwa kwenye friza, mmenyuko ukakaribia kusimama, kisha kikatolewa usiku wa pili kikapata joto na kuendelea kung'aa kwa muda uliobaki. Familia yenye sherehe za Krismasi na Boksing Dei mfululizo inaweza kunufaika na jambo hili. Kwa upande mwingine, vijiti ambavyo havijatumika visiachwe kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, na vifungashio vyake vya karatasi ya fedha visifunguliwe hadi siku yenyewe, maana joto na unyevu huviharibu kabla havijavunjwa.

Kuna video zinazowaonyesha watu wakikata vijiti na kumimina kimiminika ndani ya chupa za kioo ili kupata taa za mezani. Naomba jambo hili lisifanywe kabisa. Ndani mna vipande vya kioo, na kimiminika chenyewe mara nyingi kimeyeyushwa katika dibutili ftalati, ambayo huwasha macho na ngozi, hulainisha baadhi ya plastiki na huharibu vanishi ya meza. Mtoto akitafuna bangili ikapasuka mdomoni, kwa kawaida hupata uchungu na mwasho tu; mfute mdomo, mpe maji anywe, na uangalie kama kuna kipande cha kioo. Kimiminika kikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, na mwasho ukiendelea aende hospitali.

Aina ya pili, ile inayohifadhi mwanga, ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Nyota za zamani zilitengenezwa kwa salfaidi ya zinki, nazo zilififia upesi mno. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilikuja na aluminati ya strontiamu iliyotiwa europiamu na disprosiamu kidogo, yenye mwanga mkali zaidi na unaoonekana kwa saa nyingi. Wazazi huniuliza mara kwa mara kama vitu hivi vina mionzi hatari, na wana haki ya kuuliza, kwa sababu katika miaka ya 1910 na 1920 wasichana wa viwanda vya saa huko New Jersey, Marekani, walipaka nambari za saa kwa rangi yenye radiamu, wakawa wanainyoosha ncha ya brashi kwa midomo yao, na wengi wakaugua na kufa. Rangi ya aluminati ya strontiamu haina radiamu, na strontiamu yake ni ya kawaida isiyo na mionzi.

Siri ya aina hii ni jinsi ya kuimulika. Mwanga wa taa ya manjano hauisaidii sana. Inataka mwanga wa jua, taa nyeupe ya LED yenye weupe wa kuelekea buluu, au taa ya urujuanimno. Mapambo yangu nayaanika juani mchana, nayapeleka ukumbini yakiwa kwenye maboksi, kisha nayamulika tena kwa taa nyeupe dakika chache kabla ya kuzima taa za ukumbi. Mng'ao wake wa mwanzo ni mkali na hushuka haraka, halafu hutulia kwenye mwanga hafifu wa muda mrefu. Mwanga huo hafifu unatosha kabisa, ila kwa macho yaliyokwisha kulizoea giza, na jicho la binadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 ili kulizoea giza sawasawa. Kwa hiyo namwomba mshereheshaji apunguze taa kidogokidogo wakati wa hotuba za mwisho, ili zikizimwa wageni wawe tayari kuona. Simu moja ikiwashwa tochi, kazi hiyo inaanza upya. Nawashauri pia wateja wachague kijani au kijani-buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi ambazo jicho lililozoea giza huziona vizuri zaidi. Nyekundu gizani hupotea.

Mkanda wa aina hii una faida nyingine ambayo kamati za sherehe huikubali mara moja. Ukibandikwa kwenye kingo za ngazi, kwenye vizingiti na kuzunguka nyaya za muziki, siku umeme unapokatika wageni wanaiona njia kabla genereta halijawashwa.

Sasa taa za urujuanimno. Hapa jambo linaloniletea kazi nyingi ni mavazi. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha weupe, ambazo hupokea urujuanimno na kutoa mwanga wa buluu. Kanzu ya bwana harusi iliyofuliwa kwa sabuni ya aina hiyo itawaka kama mbalamwezi, na ya kaka yake iliyofuliwa kwa sabuni isiyo na kemikali hizo itakaa pembeni yake ikiwa imefifia, ijapokuwa mchana zote mbili zilikuwa nyeupe pe. Gauni la rangi ya krimu linaweza lisionekane kabisa huku shela ya poliesta ikimeremeta peke yake kichwani. Nimeona bibi harusi akitokwa na machozi kwa jambo hili. Tangu hapo natembea na tochi ndogo ya urujuanimno, na siku ya kujaribisha nguo nazima taa chumbani na kuzimulika zote, pamoja na suti nyeusi, ambazo huonyesha kila uzi na kila chembe ya vumbi. Meno ya asili hung'aa, ilhali baadhi ya meno ya bandia huonekana meusi, na mtu mzima anastahili kuambiwa hilo faraghani kabla hajakalishwa meza kuu.

Taa zenyewe ziwe za mawimbi ya nanomita 365 hadi 400, ziwekwe juu na zielekezwe chini au ukutani, zisiwapige watu usoni. Taa za kuulia vijidudu, ambazo zilinunuliwa sana wakati wa korona, ni kitu kingine kabisa na huunguza macho na ngozi, zisiingie ukumbini. Novemba 2023, katika tamasha moja mjini Hong Kong, watu waliamka wakiwa na maumivu makali ya macho, na waandaaji wakaeleza kwamba huenda sababu ilikuwa taa za urujuanimno zilizofungwa kwenye kona moja ya ukumbi. Kwa hiyo muulize fundi wa muziki taa zake ni za aina gani, naye akuonyeshe maandishi yaliyo juu ya taa.

Kwa vinywaji, maji ya toniki hung'aa buluu chini ya taa hizi kwa sababu ya kwinini iliyomo, ileile iliyotibu malaria ya wazazi wetu, ingawa katika toniki kiasi chake ni kidogo sana. Igandishe iwe barafu, uitie kwenye sharubati, na meza ya vinywaji itapendeza pasipo kijiti chochote kutumbukizwa kwenye glasi. Wapo wasiopatana na kwinini, kwa hiyo weka kibao kinachowafahamisha wageni. Rangi za usoni zinunuliwe zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi, zisipakwe karibu na macho. Rangi ya ukutani au ya ufundi haifai kupakwa mwilini hata ikiwa imeandikwa kwamba haina sumu.

Kuhusu vitu vya betri nina neno moja zito. Betri ndogo za mviringo, zile za saa za mkononi, zikimezwa na kukwama kooni huweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Nanunua vile tu ambavyo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, na siviweki kwenye zawadi za watoto wadogo. Mtoto akishukiwa kumeza betri, apelekwe hospitali papo hapo na asitapishwe; kama ametimiza mwaka mmoja na asali ipo karibu, apewe vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, na mtu yeyote asikawie kuondoka kwa ajili ya kuitafuta.

Limebaki suala la ufukweni, maana mkesha wa mwaka mpya wengi huenda huko. Vijiti huelea, na bahari imeshajaa vile vinavyotumiwa na meli za kuvua jodari na nduaro kwa ndoano nyingi. Huko Bahia, Brazili, wakazi wa vijiji vya pwani waliviokota na kujipaka kimiminika chake mwilini wakidhani ni mafuta ya dawa. Mimi hugawia bangili kwenye meza moja, kwa idadi iliyoandikwa, na mgeni anaporudisha bangili yake kwenye meza hiyo ndipo anapopewa soda au maji ya kuondokea. Kwa utaratibu huo mchanga hubaki safi bila kugombana na mtu. Mahali ambapo kasa hutaga mayai, sipambi mchangani kabisa, kwa sababu vifaranga wanaoanguliwa usiku hufuata mwanga wakidhani ndiko iliko bahari. Hapo sherehe naihamishia ukumbini, madirisha ya upande wa bahari yakiwa yamefungwa mapazia mazito, na giza tunalolihitaji tunalipata humohumo ndani.