Tulinde rangi ya mboga zetu mpaka kiangazi kiishe

Kuanzia Januari hadi Aprili, mkazi wa Dodoma hahitaji mtu wa kumfundisha mlo wenye rangi. Mchicha, mgagani, majani ya maboga na ya kunde huota mpaka nyuma ya nyumba, maboga yamejilaza shambani, na nyanya sokoni Majengo na Sabasaba hushuka bei. Shida huanza mvua ikishakata. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, na eneo la mji hupata kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka. Kuanzia Juni mpaka Novemba kaya nyingi, hasa vijijini, hurudi kwenye ugali wa uwele, mtama au mahindi pamoja na mboga iliyokaushwa, ambayo mara nyingi imeshageuka kahawia. Kugeuka huko ndiko ninakotaka kukueleza nikiwa mtaalamu wa lishe, kwa sababu rangi ikipotea, sehemu kubwa ya vitamini nayo mara nyingi huwa imepotea, na mwenye kuilinda ni yule anayekausha na kupika.

Rangi ya chungwa unayoiona kwenye boga, karoti, embe, papai na kiazi lishe hutokana na viini viitwavyo karotini. Kinachojulikana zaidi ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hii huliwezesha jicho kuona kwenye mwanga hafifu, na hutunza utando wa ndani ya pua, koo, mapafu na utumbo, ambako vijidudu vingi hupitia kuingia mwilini. Mtoto akipungukiwa nayo, dalili ambayo mzazi anaweza kuiona mapema ni mtoto kujikwaa magharibi inapoingia, akipapasa vitu ambavyo wenzake wanaviona vizuri. Akiendelea kuikosa, jicho hukauka na anaweza kupofuka, na surua au kuhara ambako mtoto mwingine angekuvuka humlemea huyu. Ndiyo maana kila Juni na Desemba watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A. Mpeleke mtoto wako apewe. Ila matone hayo ni mara mbili kwa mwaka, na katikati yake kuna miezi mingi ambayo chungu cha nyumbani ndicho kinachotegemewa.

Wazazi wengi hawajui kwamba majani ya kijani kilichokolea nayo yana beta-karotini kwa wingi. Hatuioni kwa sababu kijani kimeifunika. Mama wa Chamwino au Bahi asiyemudu karoti, lakini anayechuma mgagani au majani ya maboga, hajapungukiwa na kitu katika jambo hili. Nalisisitiza kwa sababu imani kwamba lishe bora ni ya dukani imetuumiza. Familia inabana fedha imnunulie mtoto tufaha moja lililosafirishwa kutoka mbali, wakati pera la jirani linaoza chini ya mti. Kwa uzito uleule pera lina vitamini C mara tatu hadi nne ya chungwa, na chungwa lenyewe linalizidi tufaha mbali sana. Papai lina vitamini C na karotini pamoja. Ningekuwa na uwezo wa kubadili jambo moja tu kwenye vikapu vyetu vya sokoni, lingekuwa hili.

Kijani hutupa pia folati, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la foliki asidi. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi bado hawajajua kwamba ni wajawazito. Usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo binti na mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba anazihitaji mboga hizi kabla ya kwenda kliniki, na akishaanza kliniki ameze vidonge anavyopewa, kwa kuwa mboga pekee hazitoshi kushika nafasi yavyo.

Halafu kuna madini ya chuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Majani yana chuma, ila kile cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, dagaa au maini. Kinachokisaidia ni vitamini C katika mlo uleule. Hapa Dodoma tuna ubuyu, ambao unga wake una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito uleule, na ambao mtu huokota bila kulipa senti. Uroweke kwenye maji safi, uchuje, unywe pamoja na chakula bila sukari au kwa sukari kidogo sana. Ule uliopakwa rangi nyekundu na sukari unaouzwa karibu na shule ni pipi, usiuhesabu kama tunda. Chai ya rangi inayoteremshiwa mlo huzuia chuma kufyonzwa, basi inywe saa moja au zaidi baada ya kula.

Wekundu wa nyanya, tikiti maji na pera la ndani jekundu hutokana na likopeni, kinga mojawapo ya mimea dhidi ya uharibifu wa seli. Nyanya iliyopikwa kwa mafuta kidogo huitoa kwa urahisi kuliko nyanya mbichi. Zambarau, biringanya, kitunguu chekundu, choya (rozela) na zabibu nyeusi zina kundi lingine la viini liitwalo anthosianini. Tafiti nyingi zimehusisha ulaji wa vyakula hivi na afya bora ya moyo na mishipa, na chai ya choya imeonyesha kushusha shinikizo la damu kwa kiasi fulani, ingawa mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu hiyo. Zabibu za Dodoma, kuanzia Makutupora mpaka Hombolo na Mpunguzi, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na viini vyake vingi vimo kwenye ganda, kwa hiyo uzile nzimanzima. Wapo wanaotuuliza kama mvinyo wa zabibu unatosha kwa kazi hiyo. Hautoshi, na pombe ina madhara yake, ikiwemo kuongeza hatari ya saratani.

Vitunguu saumu, vitunguu maji na uyoga havina rangi ya kuvutia, lakini vina faida zake. Rangi ni mwongozo mzuri, si sheria.

Mboga kavu

Kukausha mboga ni elimu tuliyorithi kwa wazee wetu, na bila hiyo kiangazi cha Kanda ya Kati kingekuwa kigumu zaidi. Sitaki mtu yeyote aiache. Ninachoomba ni tubadili mahali tunapoanika. Tukimwaga majani ya kunde juu ya bati, mwamba au turubai chini ya jua kali, mwanga wenyewe huvunja beta-karotini, na joto likichanganyika na hewa humaliza vitamini C. Mboga inakauka kweli, ila inabaki hasa nyuzinyuzi, protini kidogo na madini. Hivyo navyo vina thamani, lakini mtoto anayehitaji vitamini A hatosheki navyo.

Namna inayohifadhi zaidi haina gharama kubwa. Chuma majani asubuhi, chambua, osha kwa maji safi kabla ya kukatakata. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, au yafukize kwa mvuke ikiwa maji ni ya shida, kisha yatoe na yachuje. Hatua hii huua vimeng'enya ambavyo vingeendelea kula rangi na vitamini hata baada ya mboga kukauka. Yatandaze kwa utando mwembamba juu ya chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini, chini ya kivuli chenye upepo, na ufunike kwa chandarua kuzuia nzi na vumbi. Upepo wetu wa Juni na Julai ni mkavu kiasi kwamba kivuli kinatosha kabisa. Kama kikundi chenu kina kaushio la jua, tumieni lile ambalo mboga hazipigwi na mwanga moja kwa moja, au lifunikeni kwa kitambaa cheusi juu.

Mboga iko tayari ikivunjika ukiifikicha. Iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga. Ndoo yenye mfuniko ni bora kuliko mfuko mweupe uliotundikwa ukutani. Ikinusa uvundo au ikiota ukungu, itupe. Mwaka 2016 wakazi wa Dodoma na Manyara walipoteza ndugu zao kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyotokana na mahindi, na tangu hapo hakuna sababu ya kuonea huruma chakula chenye ukungu.

Kipimo chako ni jicho. Fungua chombo mwezi wa Septemba: ikiwa mboga bado ina kijani, umefanya kazi nzuri. Embe na boga nazo hukaushwa kwa njia hii zikikatwa vipande vyembamba, na boga zima lililokomaa, lenye kikonyo chake na ganda lisilo na jeraha, hukaa miezi kadhaa mahali pakavu penye kivuli. Viazi lishe huhifadhika kwa muda ardhini au kwenye shimo lenye mchanga mkavu. Kiazi kimoja cha wastani kilichochemshwa na maganda yake kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo mahitaji ya vitamini A ya siku nzima.

Jikoni

Kuna mahali ambapo rangi hutudanganya, nako ni kwenye magadi. Mpishi huyatia kwenye mlenda ili uvutike na kuiva haraka, au kwenye majani ili yabaki ya kijani kibichi cha kupendeza. Kijani hicho si ushahidi wa vitamini. Magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na huongeza sodiamu mwilini, jambo baya kwa mwenye shinikizo la damu. Najua mlenda usio na magadi kabisa utakataliwa mezani na bibi, basi anza kwa kupunguza nusu, kisha nusu ya hiyo. Mlenda wenyewe ni mboga ninayoipenda kuitetea: ule utelezi ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na hulainisha choo. Wapo vijana wa mjini wanaouona kuwa chakula cha shida. Wanakosea.

Pika majani kwa muda mfupi, chungu kikiwa kimefunikwa, kwa maji kidogo, na usimwage mchuzi wake. Weka mafuta kiasi, au karanga zilizosagwa kama wengi wetu tunavyofanya, kwa sababu karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta kwenye mboga ya familia kina kazi; vikombe viwili havina. Mboga kavu ikishaiva, kamulia ndimu mezani kurudisha vitamini C iliyoondoka.

Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, ambazo ni kama viganja vitano vilivyojaa. Mboga ile ya kuchovea tonge tu haifiki hapo. Ongeza mboga sahanini na upunguze ukubwa wa ugali. Mtoto aanze kuonja boga na papai lililopondwa akifikisha miezi sita, huku akiendelea kunyonya.

Wenye kisukari huniuliza kama matunda wamekatazwa. Hawajakatazwa. Wale tunda zima kwa kiasi, kwa mfano kipande cha papai au pera moja, na waache juisi, maana juisi ni sukari ya matunda kadhaa ndani ya glasi moja bila nyuzinyuzi zake. Mgonjwa wa figo ndiye anayehitaji tahadhari ya kweli, kwa kuwa matunda na mboga nyingi zina potasiamu ambayo figo iliyochoka hushindwa kuitoa. Apange mlo wake na daktari au afisa lishe. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha majani anachokula, kwani vitamini K iliyomo hugongana na dawa hiyo.

Nikiwaambia mpande mboga na matunda nyumbani, najua mtafikiria kwanza maji ya kumwagilia, na ni haki. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kulea viroba vitatu au vinne vya mchicha na matembele kando ya jiko. Mpapai uliopandwa pale yanapomwagika maji ya bafuni huweza kuanza kuzaa katika mwaka wake wa kwanza. Panda miche mitatu au minne, kwa sababu mingine itakuwa ya kiume, na ukiona maua ndipo ung'oe isiyozaa, ukibakiza mmoja wa kiume ikiwa jirani hana.