Bongo na lobelia ya Mlima Elgon: tunapokosea

Anayepanda Elgon, mlima wa mpakani mwa Uganda na Kenya, kwa njia ya Budadiri upande wa Uganda, huuliza mambo mawili: bongo yuko wapi, na lile ua refu kuliko mtu linaitwaje? (Bongo mnyama, yule swala mkubwa wa msituni, si ile ya kichwani wala nchi jirani. Na ua lenyewe ni lobelia.) Majibu anayopewa njiani mengi ni ya kubuni.

“Bongo wamo humu, wamejificha tu.”
Kujificha anajua. Lakini bongo wa milimani alishatoweka upande wa Uganda zamani. Waliobaki porini wako Kenya, na wanakadiriwa kutofika 100.

“Basi Uganda haina bongo kabisa.”
Wanao. Kamera zilizotegwa katika Hifadhi ya Semuliki, mpakani na Kongo, zimewanasa, ila hao ni bongo wa nyanda za chini, ambao hali yao si mbaya kiasi hicho. Tena wengi humchanganya bongo na nzohe, swala wa kwenye mafunjo. Tazama jike: bongo jike ana pembe, nzohe jike hana.

“Lobelia zilizokauka zimechomwa moto.”
Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Lobelia telekii hukaa chini kwa miongo kadhaa, fungu la majani tu, ikijiwekea akiba. Siku moja hupandisha shina lenye manyoya, mfano wa mkia mkubwa, ndege aitwaye chozi huja kunywa asali ya maua, mbegu ndogo kama vumbi hupeperushwa kwa maelfu, kisha mmea wote hufa. Zile nguzo kavu unazopita ni mama waliokwisha kuzaa. Jamaa yake, Lobelia deckenii, hufanya tofauti: huchanua tena na tena, na maji yaliyotuama kati ya majani yake huganda juu usiku huku chipukizi likisalimika chini.

“Ua haliwindwi, halina shida.”
Halijafika alipofika bongo, kweli. Ila bongo jike huzaa ndama mmoja baada ya miezi tisa hivi, na anaweza kuzaa tena. Telekii iliyokatwa kabla ya mbegu kukomaa haina mara ya pili. Na joto likizidi, italazimika kusogea juu, na juu kunaishia Wagagai, kilele cha Elgon, mita 4,321.

“Bongo wamejaa bustani za wanyama, hawataisha.”
Mwaka 2004, bongo 18 waliozaliwa Marekani walirudishwa Kenya. Ilibidi wafugwe kwanza badala ya kuachiwa porini: aliyezaliwa zizini hamjui chui.